Shamba Liko Wapi?



Dada zetu wapenzi, na khasa nyinyi maharusi watarajiwa ambao siku hizi simu zenu hazilali kwa nasaha za kila mtu, leo tumekuja na kisa chetu wenyewe. Si kisa cha kujisifia. Tumekaa nacho miaka, tukikisimulia kwa vipande mbele ya watu wa ndani tu. Lakini wiki iliyopita alikuja mteja hapa dukani, msichana wa nyumbani Unguja, akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu bila kukisema chote. Alipoondoka tukaona bora na wengine wakipate.

Tukisema sisi, tunakusudia ndugu wawili wa tumbo moja, cherehani tatu na chumba kimoja cha duka hapa Mabibo, Dar es Salaam. Tulizaliwa na kusoma Unguja mpaka kidato cha nne. Mwaka 2008 mama alitupandisha boti, tukaja kukaa kwa shangazi ili tusome kozi ya ushonaji. Tulidhani tutarudi baada ya mwaka. Mpaka leo tupo, umri umeshapita thelathini, tunashona magauni ya nikah, mabaibui na sare za harusi, na wateja wetu wengi ni watu wa visiwani wanaovuka kununua vitambaa Kariakoo kisha wanatuletea sisi tukate.

Huyo msichana alikuja kupimwa gauni la nikah. Tulipomzungushia futikamba kiunoni akasema kwa sauti ndogo, "Dada zangu, nina mahari yangu, milioni mbili. Kuna kundi nimeingizwa kwenye simu. Ukiweka milioni moja, baada ya siku thelathini wanakurudishia mbili. Anayeliongoza ni mtu wa dini, kila asubuhi anatutumia dua. Shoga yangu ameshaweka. Mama ananikataza, lakini mama hajui mambo ya mitandao. Nimsikilize nani?"

Tulitazamana. Swali hilo tulishalisikia likiulizwa mtaa huu huu, miaka mingi nyuma. Na lilipotufikia sisi, tulilijibu vibaya.

Turudi mwaka 2009. Tulikuwa bado kwenye kozi, na jina lililokuwa midomoni mwa watu wa Mabibo lilikuwa DECI. Wakubwa mtakumbuka. Ilikuwa kampuni iliyoongozwa na wachungaji, na ofisi zake zilikuwa hapa hapa Mabibo. Kule watu hawakuambiwa waweke pesa, waliambiwa wapande mbegu. Hawakuambiwa wachukue faida, waliambiwa watavuna. Unapanda mbegu yako, unangoja, kisha unaitwa kuvuna, na mavuno ni makubwa kuliko mbegu. Maneno hayo kwa Mkristo si mageni. Mbegu na mavuno anayasikia kanisani tangu utoto wake, na sasa anayasikia kwa watu wenye jina lile lile la uchungaji analoliheshimu, jina la mtu anayemwombea mtoto wake akiugua. Atakataa vipi? Watu walipanga foleni, na hawakuwa Wakristo peke yao. Mavuno yakitangazwa, kila mtu ana masikio.

Serikali iliusimamisha mchezo ule mwaka huo huo wa 2009. Viongozi walifikishwa Mahakama ya Kisutu, wakashtakiwa kwa kuendesha upatu kinyume cha sheria na kupokea amana za watu bila leseni. Mwaka 2013 wanne kati yao walitiwa hatiani, wakahukumiwa kulipa faini au kwenda jela miaka mitatu.

Hapa tusimame kidogo, maana neno upatu kwetu Zanzibar halina ubaya. Upatu wetu ni wanawake kumi na mbili wanaojuana. Kila mwezi kila mmoja anatoa laki moja, na kila mwezi mmoja wao anapokea milioni moja na laki mbili. Hakuna pesa iliyozaliwa hapo, kilichoingia ndicho kinachotoka, na mwaka ukiisha kila mtu amepata chake. Ule mwingine ni kitu mbali kabisa. Chukua kalamu upige hesabu. Wanawake kumi wametoa laki moja moja, mwenye mchezo ameshazitia mfukoni, nao wameahidiwa laki mbili mbili. Ili walipwe inahitajika milioni mbili, yaani wanawake ishirini wapya. Hao ishirini nao wanangoja mara mbili, basi watafutwe arobaini. Kisha themanini. Ukifika mara ya kumi, wanahitajika wanawake 10,240, na wote hao wanamngoja mtu wa nyuma yao. Katikati hapo hakuna aliyelima, hakuna aliyeshona, hakuna aliyeuza hata kitumbua kimoja.

Jirani wa shangazi alikuwa mama mmoja wa Kikristo, tuliyemwita Mama Kwaya kwa sababu kila Jumamosi jioni alifanya mazoezi ya nyimbo huku anaosha vyombo. Aliuza chapati na maharage karibu na soko la Mabibo. Ua wetu ulikuwa mmoja, kamba ya kuanikia nguo moja, bomba moja. Mwaka ule wenzake wa kwaya walipanda karibu wote, yeye hakupanda. Walimsema. Walisema imani yake ni haba, tena hana heshima kwa watumishi wa Mungu.

Siku moja shangazi akamuuliza, "Jirani, mbona wewe hukwenda?"

Akacheka. Alisema alikuwa ameshaifunga pesa kwenye pindo la kanga tayari kwa safari, lakini mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Kilosa kumtazama mjukuu. Bibi yule hakujua kusoma. Maisha yake yote amelima mahindi. Akaelezwa habari ya mbegu na mavuno, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Shamba liko wapi?"

"Nikamwambia, mama, si shamba la kweli, ni mfano. Akaniambia, mimi nimepanda tangu msichana, sijaona mbegu iliyovunwa bila shamba. Nenda kaulize shamba."

Mama Kwaya alikwenda kwa mchungaji wake, akamuuliza kwa adabu zote: hizo pesa tukizipanda, zinalima wapi? Akaambiwa aondoe shaka, awe na imani. "Nikajua hilo si jibu," alimwambia shangazi. "Mimi mchungaji wangu nampenda. Kwenye roho yangu nitamsikiliza mpaka nife. Lakini kwenye mbegu nimemsikiliza mkulima."

Maneno hayo tuliyasikia kwa masikio yetu, tukiwa tunaanua nguo kambani. Tukacheka pamoja naye. Na tuseme kweli, baadaye tulicheka zaidi. Usiku, chumbani kwetu, tulisema ndivyo walivyo hawa wenzetu, wanaburuzwa na wachungaji wao. Sisi dini yetu ina elimu, tulisema, hatuwezi kudanganywa hivyo. Mola atusamehe. Kibri kilikuwa kimelala nasi kitanda kimoja na hatukukijua.

Miaka miwili baadaye, 2011, kikaja kikombe cha Babu. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa dawa yake kwa shilingi 500 kikombe, kijijini Samunge, Loliondo, na nchi nzima ikaelekea huko. Magari yalipanga misururu njiani. Waislamu walikwenda kama walivyokwenda Wakristo. Mtaani kwetu watu wa msikitini na watu wa kanisani walichanga nauli pamoja. Leo hatuzungumzii dawa ile. Tunataja jambo moja ambalo tulilielewa baadaye sana: mtu tukiona ana kitu tunachokitaka, hatumuulizi ni wa dini gani. Akituonya ndipo tunapomuuliza.

Basi na sisi likatufika.

Ilikuwa mwezi wa Rajab, mwaka 2017. Duka letu lilikuwa limeshapata jina. Tulikuwa na maharusi kumi na moja wa Mfunguo Mosi, wote wameshatoa pesa ya mwanzo ili tuwanunulie vitambaa. Mwenzetu mmoja wa darsa ya wanawake akatualika kumsikiliza ustadhi fulani. Hatumtaji, na hata mji wake hatuutaji, kwani hatukuandika haya ili tumuumbue mtu. Alikuwa na kauli laini, kanzu imenyooshwa pasi vizuri, na kila jambo alilosema alilipambia aya. Alisema ana mradi wa halali wa wanawake wa Kiislamu, usio na riba hata chembe. Kila mwanamke anatoa fungu lake, mzigo wa mabaibui unaletwa kutoka Dubai, unauzwa Ramadhani, faida inagawanywa. Hakuahidi asilimia. Hilo lilituvuta zaidi, tukasema huyu anajua fiqhi, hafanani na wale wa mbegu. Aligusia tu kwamba kikundi cha kabla yetu walipata karibu mara mbili.

Alikuja na sampuli. Akanyanyua baibui moja akasema, hiki kitambaa kinaitwa nida, daraja la kwanza.

Dada zetu, kilikuwa krepu. Nida ni laini, inateleza, ina mng'aro wa mbali. Krepu ukiisugua kwa kidole unasikia vichembe vyake. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anavitenganisha kwa mkono macho yamefumbwa. Sisi tulikuwa tumekaa mbele, sampuli ikapitishwa, tukaigusa. Tukatazamana. Tukanyamaza.

Nani atamsahihisha ustadhi mbele ya wanawake arobaini? Tuliona haya. Tena tukamtafutia udhuru wenyewe, tukasema moyoni, kachanganya tu, kwani hiyo si kazi yake. Na hapo ndipo palipokuwa na jibu lote. Hiyo si kazi yake! Tulikuwa nalo vidoleni, tukalipitisha kwa mwanamke wa nyuma yetu.

Siku ya pili Mama Kwaya alipita dukani na sinia lake la chapati. Tukamweleza kwa furaha, kama mtu anavyomweleza mzazi. Akasikiliza.

"Wanangu, huyo bwana ameshawahi kuuza nguo?"

Tukamwambia yeye ni mtu wa dini.

"Hilo nimelisikia. Nguo, ameshauza?"

Tukasema hatujui.

"Na pesa zikipotea, kwake mnapajua?"

Hapo tukamjibu, na jibu hilo linatuuma mpaka leo kuliko pesa zenyewe. Tulimwambia, "Mama, haya ni mambo yetu sisi Waislamu."

Akaweka chapati zetu mezani. Akachukua pesa yake. "Haya wanangu, Mungu awatangulie," akaenda zake.

Tulitoa milioni tatu na laki nne. Laki tisa zilikuwa zetu. Milioni mbili na nusu zilikuwa za maharusi, pesa za vitambaa vyao. Hapa hatuna cha kujitetea. Aliyetuhadaa alituhadaa sisi, lakini amana ya watu tuliivunja wenyewe kwa mikono yetu. Tulijiambia tutairudisha mara mbili kabla hawajajua.

Ramadhani ikaingia, tukaambiwa mzigo uko njiani. Kumi la kwanza likaisha, mzigo uko bandarini. Kumi la pili simu ikawa inaita haipokelewi, kisha ikawa haiiti. Kumi la mwisho, wakati wenzetu wanatafuta Laylatul Qadr, sisi tulikuwa tunatafuta nyumba. Tulipoipata tulimkuta mpangaji mwingine, hata jina halijui. Yule mwenzetu wa darsa aliyetupeleka alikuwa analia kuliko sisi. Yeye aliuza mpaka friji.

Tulirudi dukani tukafunga mlango, tukazihesabu zile karatasi za vipimo. Kumi na moja. Kila moja ina jina, kifua, kiuno, urefu, na tarehe ya nikah.

Tuliuza mashine ya oveloki na cherehani moja. Hazikufika hata nusu. Mama alikuwa amesikia kwa shangazi, akavuka na boti bila kutuambia, akaingia dukani na baibui lake la safari, akavua bangili mbili za dhahabu akaziweka juu ya meza ya kukatia. Zilitoka kwenye mahari yake. Hakutukemea. Alisema tu, "Kauzeni. Watoto wa watu waolewe."

Kuanzia siku ile tulishona usiku na mchana. Na usiku wa manane, kila aliposikia cherehani bado zinalia, Mama Kwaya alitugongea mlango na kibakuli cha maharage na chapati za moto. "Daku hiyo," anasema, anarudi kulala. Hata siku moja hakusema kwamba alituambia. Tulimwomba radhi mwezi ule ule, akatukatiza kabla hatujamaliza. Alisema na yeye lile swali hakulitunga, alipewa na mama mkwe.

Magauni tisa yalitoka kwa siku yake. Moja lilivuka na boti ya asubuhi ya nikah yenyewe. La kumi na moja hatukuliwahi. Bi harusi wake aliolewa na gauni la kuazima. Tulimrudishia pesa zake zote, tukaenda kwao kuomba msamaha. Mama yake alitupokea, akatupa chai. Yeye mwenyewe hakutoka chumbani, na haki yake ilikuwa asitoke. Kila tukimshonea bi harusi mpya, tunamkumbuka.

Sasa tumejifunza nini? Msije mkaelewa kwamba tunasema watu wa dini wasisikilizwe. Hasha. Bila wao tusingejua hata kutawadha. Katika Suratun Nahl Mola wetu ametuelekeza tuwaulize wenye kujua pale tusipojua. Sisi aya hiyo tulikuwa tukiisoma kana kwamba inasema tuwaulize wenye kilemba, kwa kila kitu. Lakini anayejua ni yule anayejua jambo lile unalouliza. Mnakijua kisa cha mitende ya Madina, kimo katika Sahih Muslim. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, aliwapitia watu wakichavusha mitende, akatoa rai kwamba huenda haina haja. Wakaacha, na mavuno yakapungua. Alipoelezwa akawaambia kwamba mambo ya dunia yao hayo wanayajua wao zaidi. Ikiwa kipenzi chetu, mbora wa viumbe, aliwaachia wakulima ukulima wao, ustadhi wetu alikuwa nani hata asisahihishwe nida na krepu?

Na tumejifunza kwamba nasaha haina mlango mmoja. Siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, Maswahaba walipokuwa wazito kwa huzuni hata wakaamrishwa wachinje na kunyoa wasinyanyuke, aliyetoa shauri alikuwa mwanamke, mama yetu Umm Salama, radhiya Allahu anha. Alimwambia Mtume atoke yeye mwenyewe achinje na anyolewe, asizungumze na mtu. Akafanya hivyo, na watu wote wakafuata. Hakusema huyu ni mke wangu, mambo ya jeshi atayajua wapi. Basi na wewe usiseme mama hajui mitandao. Mitandao hajui, kweli. Lakini pesa anaijua, maana ameihesabu senti kwa senti kabla hujazaliwa.

Maharusi wetu, mtapewa nasaha nyingi kabla ya siku yenu. Somo wako anayajua ya unyumba, msikilize huko, na ushike adabu. Lakini akikwambia uache dawa alizokuandikia daktari unywe mizizi, muulize kwa upole, shamba liko wapi? Shoga akikwambia krimu fulani itakung'arisha kwa wiki mbili, muulize imetengenezwa na nini, na yeye anapata shilingi ngapi kwa kila kopo. Fundi akikwambia gauni la shilingi laki tano litakuwa tayari kwa siku tatu, muulize ana mikono mingapi, hata kama fundi huyo ni sisi. Mume akikuletea shauri la mradi, kaeni chini mlitazame pamoja, hesabu iandikwe. Kuuliza si utovu wa adabu. Mwenye shamba la kweli hufurahi ukimuuliza, atakushika mkono akupeleke ukalione. Asiye nalo ndiye atakayekwambia huna imani.

Kwa hiyo siku hizi, mtu akija na nasaha, tunajiuliza mambo manne. Mawili ni ya Mama Kwaya: hili jambo ameshalifanya kwa mikono yake, na likiharibika tutamkuta wapi? La tatu tumelipata kwa hasara yetu: yeye anafaidika nini tukimfuata? Na la nne ni letu wenyewe: je, tunamkubali kwa alichosema, au kwa nguo aliyovaa? Hilo la nne ndilo gumu. Kwani hata onyo la Mama Kwaya tulilikataa kwa sababu hiyo hiyo. Ustadhi tulimpokea kwa kanzu, na yeye tukamrudisha kwa jina la kanisa lake. Kosa ni moja. Waswahili wamesema za kuambiwa changanya na zako, lakini sisi zetu tuliziacha nyumbani siku ile.

Turudi kwa yule msichana. Tulimsimulia yote haya huku tunampima, mpaka bangili za mama. Hatukumwambia aweke wala asiweke, pesa ni yake, na mahari ni haki ya mwanamke, hapangiwi na mtu. Tulimwambia kitu kimoja tu: andika sasa hivi kwenye hilo kundi, uulize kwa adabu, "Assalaamu alaykum, naomba kujua pesa zetu zinafanya biashara gani, na ofisi iko wapi nije niione?"

Akaandika. Tukaendelea na mabega, tukaja mikono. Tulikuwa hatujamaliza kuandika kipimo cha mkono wa pili, simu ikalia. Akaitazama, akacheka kwanza, kisha macho yakamjaa machozi.

"Wamenitoa kwenye kundi," alisema. "Na shoga yangu ameshaweka laki nane."

Tulimpa kiti akampigia mama yake. Tukatoka nje ili azungumze peke yake. Mahari yake bado anayo, na atakayoyafanya nayo ni shauri lake na mama yake. Gauni lake tumeshalikata, ni nida, tena nida ya kweli, na in sha Allah litakuwa tayari wiki moja kabla ya siku. Kuhusu shoga yake, tunawaomba dua, amrudishiwe chake au Mola ampe kilicho bora zaidi.

Mama Kwaya amezeeka sasa, chapati anapika mwanawe. Jumamosi jioni bado tunamsikia akiimba. Tulipomwambia tutaandika kisa hiki alisema tumsalimie kila bi harusi, na tusiache kumtaja mama mkwe wake wa Kilosa, marehemu siku nyingi. Basi ndiyo hivyo, tumemtaja.

Ya Rabbi tupe masikio ya kusikia haki kwa yeyote inapotoka, tupe ulimi wa kuuliza, utusitiri na amana za watu. Wabillahi tawfiq.